Mzee wa Meli na Neno Lisilokwisha

Wasomaji wenzangu, nianze kwa kuwaomba radhi. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya kwenda Mwandiga, na herufi za r na l zinanichanganya mpaka leo. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, neno moja, napumzika, kisha jingine. Mhariri akininyooshea maneno nitashukuru, ila namwomba asiyalainishe, kwa sababu nina hasira na nataka ionekane.

Mtu ninayetaka kuwaeleza habari zake tulimwita Mzee wa Meli. Jina alilopewa na wazazi wake sitalitaja, na pale mtaani kwetu Ujiji hakuna aliyelitumia, hata mkewe. Kabla ya Uhuru alikuwa boi katika meli inayozunguka ziwa letu, akiwahudumia abiria wa daraja la kwanza. Mimi nilimjua akiwa ameshazeeka, mrefu, mabega yameinama mbele kidogo kama mtu aliyebeba sinia la vikombe na anaogopa lisimwagike.

Yeye ndiye aliyenifundisha Kiingereza. Au niseme kweli: alinifundisha neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni "get". Nilikaa kwake misimu miwili ya mvua, na hatukulimaliza.

Lazima niwaeleze kwa nini nilikihitaji Kiingereza, msije mkanidhania mtu wa kuringa. Baba na mama walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mbele ya Mwandiga. Mimi nilibaki Ujiji kwa shangazi, kwa makubaliano kwamba nitafute kazi. Wakati huo balozi wa nyumba kumi alikuwa akipita akiuliza, "Huyu kijana anafanya nini mjini?" Na kijana asiye na kazi alirudishwa kijijini akashike jembe. Sidharau jembe, limenilea. Lakini tangu utoto nilitamani kitu kimoja tu, kufanya kazi gatini Kigoma, meli zinapofunga kamba. Ilisikika kwamba ofisi moja ya mizigo itachukua makarani wasaidizi, vijana wa kupokea mizigo na kuelewana na mabaharia wa Zambia, ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu. Kwa hiyo Kiingereza kilitakiwa.

Baba alikuja kuniona, akaniambia, "Oya mwanangu, usiniletee maneno ya kesho na kesho kutwa. Ukipata kazi, kaa. Usipopata, njoo tulime."

Basi nikaenda kwa Mzee wa Meli, kwa kuwa ndiye mtu pekee mtaani aliyejulikana kwamba anakijua Kiingereza. Hakutaka malipo. Alitaka watu wafike mapema tu na wawe wamenawa mikono. Kila siku alitukagua, mimi na vijana wenzangu, viganja na kucha kabla hatujakaa kwenye mkeka.

Uani kwake palikuwa na vitu vya kufundishia. Sanduku la bati lililobonyea, kiti kimoja, birika, na ngazi aliyoiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Alisimama katikati, akakohoa, halafu sauti yake ikabadilika. Haikuwa tena sauti ya mzee wa Ujiji. "Get up!" Tukasimama wote. "Get the trunk!" Mmoja akakimbilia sanduku. "Get on!" Tukapanda ngazi mmoja mmoja. "Get off!" Tukashuka. Hakueleza maana kwa maneno. Alikutazama miguu. Miguu ikienda sawasawa, umeelewa.

Jambo la ajabu ni kwamba kila maana ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na bandari yake. "Hii," alisema, "ni ya bwana mmoja mwenye kipara, tulikuwa tunatoka Kasanga. Alikuwa amelala chumbani mwake, akataka kofia yake." Kisha akaitamka kwa sauti ya huyo bwana, ya usingizi, na ukaiona kofia. Nyingine ilikuwa ya nahodha mlevi, nyingine ya bibi mmoja wa Kizungu aliyeogopa mawimbi. Mimi nilishangaa jinsi neno dogo vile linavyoweza kuwa kusimama, kuleta, kupanda, kushuka, kutoka, kuharakisha, kurudi nyuma. Kila nilipodhani nimelishika mkia, lilikuwa limeshageuka kuwa mnyama mwingine. Na kila jua likikaribia kuzama kule upande wa Kongo, yeye alikunja mkeka na kusema maneno yale yale: "Nendeni salama. Neno hatujalimaliza."

Nikawa nauliza moyoni, tutalimaliza lini? Kwa mdomo sikuuliza. Mimi ni mtu wa haya, hata dukani nasubiri mpaka mwenye duka anione.

Aliyeuliza ni Zaina. Zaina alikuwa mwenzetu darasani. Asubuhi aliuza mihogo ya kukaanga kule gatini, jioni anakuja akinukia mawese. Siku moja baada ya kupanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakalegea, alinyoosha mkono.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Lakini umeshaniamkia leo."

"Naamkia upya kwa sababu nina neno. Hivi sisi tutamwambia nani?"

"Mtamwambia nani nini?"

"Hayo mageti yote. Wewe unatuambia, sisi tunapanda. Haya, nikienda gatini, mimi nitamwambia nani apande?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama Zaina kwa huruma, kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu.

"Wewe mwanangu," alisema, "Kiswahili ni cha kusemea. Kiingereza ni cha kusikia."

Msemo huo wakati ule niliuona una hekima. Niliurudia nyumbani kwa shangazi, na shangazi akatikisa kichwa akasema, "Huyo mzee ameona mengi." Leo nikiukumbuka nasaga meno.

Mkewe, ambaye wote tulimwita Bibi, hakuuona una hekima hata siku moja. Bibi alizaliwa ng'ambo, Kongo, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Alikuwa akichambua dagaa mlangoni pa jiko huku anatutazama tunavyopanda ngazi yake ya kuanikia.

"Mbuzi wamefunguliwa tena," alisema. "Mume wangu, waambie hao mbuzi waniletee kuni, angalau niipate faida ya hicho Kiingereza."

"Mama, usitukatize."

"Nikatize nini? Kiingereza cha kutumwa hicho. Uliwahi kutumwa wewe, ukatosheka, sasa unawafundisha watoto wa watu kutumwa."

"Mama!"

"Haya, nimenyamaza. Geti limefungwa."

Ndipo watoto wa mtaa walipopata jina. Nyumba ile ikaitwa Getini, na sisi tukawa wa Getini. Tulipopita kwenda Buzebazeba kumtembelea mtu, watoto walitufuata nyuma: "Wa Getini hao! Panda! Shuka! Leta sanduku!"

Na ilikuwapo ile siku ya kusimama nje, ambayo watu wa mtaani wanaihadithia mpaka sasa. Mzee alitupa neno la kutoka, "Get out!", tukatoka wote uani tukasimama kwenye kichochoro, migongo ukutani, kama alivyotaka. Kabla hajatupa neno la kuingia, balozi akafika kwa shughuli zake za chama. Wakakaa, wakaletewa chai, wakazungumza habari za mbegu na mkutano. Sisi tuko nje. Manyunyu yakaanza. Zaina akasema, "Jamani, ametusahau," na mwingine akasema, "Hajasema tuingie." Zaina akavua kanga ya begani, akajifunika kichwa.

"Mimi naenda zangu kwetu. Nyie bakini, mkiota mizizi mtaniambia."

Hakurudi tena darasani. Sisi tulibaki mpaka adhana ya magharibi. Mzee alipomsindikiza balozi akatukuta tumelowa, uso wake uling'aa kwa furaha. Alitushika mabega mmoja mmoja. "Hawa ndio wanafunzi," alimwambia balozi. "Hawa wamelisikia neno." Nami, nisifiche, niliona fahari kubwa. Nilitetemeka kwa baridi huku nikijiona nimefaulu.

Msidhani alikuwa mtu mkali. Hapo ndipo anaponichanganya. Darasa likiisha alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitukalisha sisi, vijana wadogo, halafu yeye mwenyewe akaweka kitambaa cheupe mkononi na kutumiminia chai, kila mtu kutoka upande wa kulia. Tukimwambia, "Mzee, kaa nawe unywe," alirudi nyuma hatua. Sikuwahi kumwona akila mbele ya mgeni. Bibi alisema hata siku ya harusi yao alisimama.

Na alikuwa mtu wa Uhuru kuliko wote. Kwenye mikutano ya chama alikaa mbele, na mtu akichanganya Kiingereza katika hotuba alipiga kelele, "Ndugu, sema Kiswahili! Tumejitawala!" Siku bendera yetu ilipopandishwa, alisema, alilivua koti jeupe la meli na kumpa Bibi. Bibi akalikata akashona mito. "Nilisema kuanzia leo sitatumwa na mtu," alituambia, na akagonga kifua. Lakini upepo ukitoka upande wa Kigoma na honi ya meli ikasikika, hata awe anazungumza na sheikh, alikuwa ameshasimama wima, mikono imenyooka. Akishajikuta amesimama, alijifanya anatafuta kitu. "Wapi kofia yangu?" Kofia iko kichwani.

Kuna maana moja aliyotufundisha mara moja tu. Alisema ni ya Karema. Palikuwa na mama wa Kizungu mwenye mtoto mgonjwa, homa kali, na mama mwenyewe alikuwa amekesha naye mpaka anayumba. Mzee, ambaye wakati huo yeye na Bibi walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza kwa homa kama hiyo, alisogea akanyoosha mikono ampokee mama yule mtoto, apumzike kidogo. Mama akamwambia, "Get away." Mzee alilitamka neno hilo kwa sauti ndogo, akageuka akatazama ukuta. Sisi hatukujua tufanye nini. Mmoja wetu akarudi nyuma kidogo, halafu na sisi tukarudi. Alipogeuka tena, tulikuwa tumebanana kwenye pembe ya ua. "Ndiyo," alisema, "ndivyo." Kisha akakunja mkeka mapema, na siku hiyo hakutupa chai.

Sasa niwaeleze siku ya usaili wa ile kazi ya gatini. Nilitoka Ujiji asubuhi kwa miguu, shati limepigwa pasi ya mkaa na shangazi, kucha safi. Nje ya ofisi nikamkuta Zaina, naye ameitwa. Tangu atoke Getini alikuwa akijifunza kwa mabaharia wa Zambia, huku akiwauzia mihogo na kugombana nao. Akaninong'oneza, "Watakuuliza jina lako, kwenu wapi, na kwa nini unataka kazi. Hayo tu. Umejiandaa?"

"Nimejiandaa," nikasema. Misimu miwili mizima ya mvua! Ningeachaje kuwa nimejiandaa?

Ndani walikuwa wawili, ndugu mmoja wa makamo mwenye miwani, na kijana aliyevaa suruali ya bugaluu, pana chini. Yule kijana akanitazama kwa wema, akasema kwa Kiingereza, "Get a chair."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Neno lenyewe! Ningelijua hata usingizini. Nikakiona kiti ukutani, nikakimbilia, nikakifuta vumbi kwa kiganja, nikakibeba bila kukiburuza, nikakiweka kando ya yule mwenye miwani, upande wa kulia. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili nikasimama, mikono mgongoni, nikasubiri.

Wakatazamana.

"Ni cha kukaa wewe, ndugu," alisema mwenye miwani kwa Kiswahili.

Nikakaa. Lakini mwili ulikuwa umeshapoa. Wakaniuliza kwa Kiingereza mimi ni nani. Nilielewa, kwa kuwa Zaina alikuwa ameniambia. Nikafungua mdomo, na ndani ya mdomo hapakuwa na kitu. Nilitafuta katika yote niliyofundishwa, ngazi, sanduku, kofia ya bwana mwenye kipara, nahodha mlevi, na kila nilichokishika kilikuwa neno la mtu mwingine akiniambia mimi. Hapakuwa na hata moja la kusema mimi. Wakauliza la pili, wakauliza la tatu. Nikajibu yote kwa "Yes, sir." Mwishowe nilikuwa nangoja waniambie nitoke, maana hilo ningeliweza vizuri sana.

Kazi alipata Zaina. Kiingereza chake, nilikisikia mlangoni, kilikuwa kimevunjika vipandevipande, lakini kila kipande kilikuwa chake. Sikumwonea kijicho. Alilia kwa ajili yangu kuliko nilivyolia mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo balozi alikuja kwa shangazi. Sikumsubiri amalize. Nikafunga nguo zangu, nikapita Gungu na Mwandiga, nikaenda kwa baba. Kwa Mzee wa Meli sikuaga. Nililima mahindi na maharage mwaka ule na hasira kifuani, na hasira yenyewe haikujua pa kwenda. Ningemkasirikia vipi mtu aliyenipa chai kwa mikono yake? Hakunidanganya. Alinipa vyote alivyokuwa navyo. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba alinipa vyote.

Baada ya mavuno nilimpelekea shangazi mahindi. Kabla sijaondoka mjini nilimtafuta Zaina gatini, nikamwomba kitu kimoja: anifundishe namna ya kumwambia Mzee kwa Kiingereza kwamba sikupata. Alinifundisha palepale, kati ya magunia. "I did not get it." Nilishangaa kulikuta neno lile lile limo ndani, limekaa kimya karibu na mwisho, na mbele yake kuna mimi. Njia nzima ya kurudi Ujiji nilikuwa nalitamka kwa sauti. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alinipisha njia. Nilikusudia kumtupia Mzee usoni, halafu niondoke.

Nilimkuta Bibi mlangoni. Hakuwa akichambua dagaa.

"Umekuja, mwanangu wa Getini," alisema. "Ingia. Haamki siku hizi. Miguu imekataa."

Mzee alikuwa kitandani, amekonda, kichwa chake juu ya mto mweupe, mmoja wa ile iliyotoka kwenye koti. Nikamwamkia, akaitika. Nikasimama mlangoni nikiwa nimeishika sentensi yangu kama jiwe mkononi. Yeye akakohoa, na kabla sijafungua mdomo akasema kwa sauti ile ya zamani, ingawa imechakaa, "Get the water."

Nilikuwa nimeshafika mtungini. Kata iko mkononi, imejaa, nimeifuta tone la chini lisimdondokee. Sikukumbuka kuvuka chumba. Bibi alikuwa akinitazama, nikaona aibu kuliko kama angenitukana.

Alipokwisha kunywa, nikasema. Sikusema kwa kishindo kama nilivyopanga.

"I did not get it."

Akageuza kichwa. "Umesemaje?"

Nikarudia.

"Hiyo siijui," alisema. "Ni ya bandari gani? Aliisema nani?"

"Nimeisema mimi, Mzee. Ni ya kwangu. Maana yake kazi sikuipata."

Nilidhani atanikemea. Badala yake alisogeza midomo bila sauti, mara kadhaa, kama mtoto anayeonja kitu asichokijua. Kisha akasema polepole, "I did not get..." akakwama.

"Pale mwisho," akauliza, "unaweka nini?"

"Chochote ambacho wewe hukukipata, Mzee."

Akatazama mabati ya darini. Bibi alikuwa ameweka mkono juu ya blanketi, kwenye miguu yake. Tulisubiri. Mara mbili alivuta pumzi kama anayetaka kusema, na mara mbili akaiachia. Meli ilipiga honi mbali, na kwa mara ya kwanza niliona hakujaribu kusimama. Hakuisikia. Alikuwa bado anatafuta cha kuweka.

"Basi," alisema mwishoni, kwa Kiswahili, "neno hatujalimaliza."

Nikaondoka. Hasira yangu sikuiacha kule kama nilivyotumaini, nimerudi nayo kijijini, na ndiyo iliyoandika haya yote. Lakini nimemwahidi kwamba nitapita tena mvua zikikatika, na sitaki kwenda mikono mitupu. Kwa hiyo nawaomba, ninyi mliosoma kunizidi. Kama mnazijua sentensi nyingine za neno hilo, zile ambazo mtu anasema mwenyewe habari zake mwenyewe, akitaka, akipata, akikosa, si za kumwagiza mtu, niandikieni kupitia gazeti hili. Andikeni kwa herufi kubwa, na Kiswahili chake pembeni. Mimi nasoma polepole, na yeye nitamsomea mpaka achague moja.